Nilivyoandika maisha ya babu kwa simu, ukoo mzima ukinisimamia

Kazi yangu ni kuchapa. Stesheneri yetu iko karibu na stendi ya Korogwe, na kutwa nzima nachapa maneno ya watu wengine: barua za kuomba kazi, ripoti za wanachuo, mihtasari ya vikao vya vikoba, mara mojamoja wosia. Kwa hiyo mtu akiniambia ameshindwa kuandika kitabu kwa kukosa kompyuta, nacheka kimoyomoyo. Mimi kompyuta iko mbele yangu toka asubuhi, na kitabu cha babu kilikuwa kinanifia kila nikikianza. Kilifia palepale, kwenye "alizaliwa Njombe mwaka". Mwaka wenyewe hakuna anayeujua. Kijiji nacho, kila tawi la ukoo lina chake.

Kilichonivusha ni kuacha kuandika kitabu. Nilianza kuwaandikia ndugu zangu kwenye grupu letu la WhatsApp, kipande kimoja kila Jumapili jioni, watu wakiwa wamekula na wamelala chali na simu zao. Habari za kuzaliwa niliziweka kando. Nikaanza na swali la mtoto wa dada yangu, aliyekuwa ametaniwa shuleni: "Ma'mdogo, hivi sisi Wabena tumefikaje huku?"

Majibu ya vitabuni yapo, na niliyatumia kwa kubana. Mkonge uliotuleta huku nao ni mgeni Tanga kama sisi. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, ukafika mwaka 1893, na katika miche yote ikapona 62. Kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Wenye mashamba hawakupata mikono ya kutosha hapa karibu, ndiyo maana mwaka 1944 wakaunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua wa mbali: Wabena, Wangoni, Waha, Warundi, watu wa Msumbiji. Walipewa namba, wakaitwa manamba. Babu alikuwa mmoja wao.

Hayo yalikuwa aya moja, na ndugu zangu waliipita mbio. Kilichowasimamisha ni mwiba.

Mwiba nilipewa na mzee mmoja aliyekata mkonge miaka mingi na bado anaishi kwenye iliyokuwa kambi ya manamba. Nilimfuata nikiwa na maswali ya maana, niliyoyachapa kabisa: mshahara, mkataba, masharti. Yote aliyajibu kwa neno mojamoja. Nilipomwomba anionyeshe tu jinsi ya kukata, akainuka, akachukua kipande cha ufito, akageuka mtu mwingine. "Jani lina mwiba kwenye ncha. Unaanza na mwiba, unaukata. Ukiusahau, utakukumbusha mwenyewe, jichoni." Kisha akanionyesha jinsi ya kuinamia shina, kuvuta jani, kulilaza, kuhesabu thelathini na kufunga mzigo, mkono ukiwa umeshaanza kuwasha kwa utomvu. Alihesabu kweli, akilaza majani yasiyokuwepo mavumbini, mpaka akachoka kwenye kumi na kitu na kuniambia mengine nimalizie mimi.

Tangu siku hiyo simuulizi mtu mzima "maisha yalikuwaje". Namwomba anionyeshe mkono ulivyokuwa unafanya kazi. Maneno yanafuata yenyewe.

Nyumbani nikakutana na shida nyingine, ya sentensi. Kiswahili kinatupa "ka" ya masimulizi bure, nasi tunaimaliza. Rasimu yangu ilikuwa hivi: babu aliamka, akachukua panga, akaenda shambani, akakata mkonge, akarudi, akalala. Maelezo ya polisi hayo. Ukiyasoma kwa sauti unasikia kila tendo lina uzito sawa, kulala na kuchomwa na mwiba ni mamoja. Nilichofanya ni kuiachia "ka" pale ambapo hakuna jambo, nipite haraka, na kuivunja pale penye jambo. Penye jambo natumia sentensi fupi za sasa, kama alivyozungumza yule mzee: unaanza na mwiba. Msomaji anainama naye.

Kipimo changu kikawa shangazi. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo mjukuu wake humsomea. Mtoto wa darasa la sita akijikwaa kwenye sentensi, sentensi ndiyo mbovu. Baadaye nikaanza kumrekodia mwenyewe kwa sauti, nimejifunika blanketi chumbani ili bodaboda za barabarani zisiingie. Kurekodi kulinifundisha kukata maneno kuliko kalamu ilivyowahi kunifundisha. Ukikosa pumzi kabla ya nukta, kata.

Sasa niseme kuhusu kadi, maana ndiyo iliyoniamulia jinsi ya kuandika mambo haya yote.

Shangazi ana sanduku la bati, na ndani ya sanduku, katikati ya kitabu cha nyimbo, kuna kadi ya kazi ya babu, ile waliyoiita kipande. Mkonge wa zamani ulilipwa kwa kipande. Kilikuwa na visanduku thelathini. Ukimaliza ngwe yako ya siku, kisanduku kimoja kinatiwa alama, na ukijaza vyote unalipwa. Ulikuwa na siku 42 za kuvijaza, hivyo kupumzika kuliruhusiwa kidogo na kuugua kidogo. Kadi ya babu ina alama kumi na tisa. Kuanzia kisanduku cha ishirini ni karatasi tupu, imegeuka rangi ya chai.

Niliipiga picha, nikaitupia kwenye grupu, nikauliza: siku ya ishirini kulitokea nini?

Shangazi alijibu kwa sauti ya dakika nzima. Baba yake alimzaba kofi nyapara aliyemnyima alama ya siku hiyo, akakimbilia milimani Usambara, ndiko alikompata bibi. Hadithi hii ameibeba tangu utotoni na anaisimulia vizuri sana. Nilipompelekea sauti hiyo yule mzee, aliyekata mkonge na babu, akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, babu yako alikuwa na homa. Nyapara ndiye aliyembeba mpaka hospitali ya shamba. Nilikuwepo." Naye anaisimulia vizuri, ila bila makofi.

Grupu likawaka. Binamu mmoja akaniandikia pembeni kwamba nichague moja, watoto wasichanganyikiwe, na kwa maoni yake nichague la kofi. Nilimwelewa, kofi linapendeza. Lakini waliokuwa wananisoma ni mashahidi. Mwandishi wa kitabu cha dukani hamjui anayemsoma. Mimi aliyenisoma alikuwa ananisikia kwa sikio la mtu aliyekuwepo, au aliyelala chumba kimoja na aliyekuwepo. Ningeandika la kofi tu, mzee angekuwa ametolewa kwenye maisha aliyoyaishi. Ningeandika la homa, shangazi angeacha kusikiliza, na bila yeye sina kitabu.

Niliyaweka yote mawili, moja baada ya jingine, kila moja na mwenyewe: "Anavyosema binti yake." "Anavyosema aliyekata naye." Juu yake picha ya kadi. Sikuongeza neno langu. Kipande hicho cha Jumapili ndicho kilichosambaa kuliko vyote, na ndicho kilicholeta sauti nyingi za watu nisiowajua, watoto wa manamba wa Muheza, Hale na Pongwe, wakisema nao nyumbani kuna kadi.

Lakini kisanduku cha ishirini kilikuwa kimenikaa kichwani, na mimi ni mtu wa hadithi. Nikaandika hadithi fupi. Mwanamume ana jina jingine, shamba halina jina, na usiku wa kuamkia siku ya ishirini anakaa na nyapara wake mlangoni, wanabishana kuhusu alama moja. Humo nilijiachia. Nilimpa nyapara mke mgonjwa, nikampa mkata mkonge deni la dukani. Juu kabisa niliandika kwa herufi nzito: HADITHI YA KUBUNI. Siku hiyo hiyo nikajiwekea sheria ninayoishika mpaka leo. Kwenye maisha ya babu hakuna maneno ya kunukuu isipokuwa yule aliyeyasikia ameniambia mwenyewe. Kwenye hadithi nasema nitakalo. Vitu viwili, vichwa viwili, siku mbili tofauti.

Mitandaoni kumejaa simulizi zenye KISA CHA KWELI kwa herufi kubwa, halafu ndani kuna mazungumzo ya watu wawili, sasa ni marehemu, walipokuwa peke yao chumbani usiku wa manane. Nani alikuwa chini ya kitanda? Kubuni si dhambi, ni sanaa yenye heshima yake. Ibandike jina lake tu.

Kuna sehemu pia ambayo haijatoka. Kabla ya bibi, babu alikuwa na mwanamke kambini, na mtoto wao yu hai. Nilimfuata kwanza kabla ya kuandika kitu. Alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sasa hapana. Basi.

Kuhusu kusambaza, mambo ni ya kawaida ila yananisumbua kuona watu wanayapuuza. Natuma maandishi matupu, si picha wala PDF, kwa sababu ndugu zangu wengi wana bando la kubana na simu ambazo nafasi imejaa. Kila kipande nakiweka kwenye urefu ambao mtu anaweza kumaliza akisubiri gari lijae. WhatsApp hukata ujumbe mrefu na kuweka "soma zaidi", kwa hiyo mistari ya kwanza lazima ifanye kazi yake. Salamu na "habarini za jumapili wapendwa" nilizihamishia kwenye ujumbe mwingine. Naandika kwanza kwenye sehemu ya kumbukumbu ya simu, nalala, asubuhi nasoma tena, maana ukishatuma unapewa dakika kumi na tano tu za kurekebisha.

Watu walipokuwa wengi nikafungua orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), nayo ina ukomo wa watu 256 na haimfikii asiyehifadhi namba yako. Ukomo huo ulinisaidia. Anayetaka kusoma ananitafuta, anahifadhi namba, ananiambia yeye ni mtoto wa nani. Nimepata habari nyingi kwenye salamu hizo kuliko kwenye mahojiano.

Vipande viliibwa, bila shaka. Ukurasa mmoja ulivichukua, ukabadilisha jina la mwandishi na kuwaambia wasomaji watume elfu moja wapate mwendelezo. Ninajua kwamba sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapoandikwa, hata kama hujaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, lakini kumkimbiza mtu wa jina bandia mtandaoni ni kazi ya mtu asiyekuwa na kazi. Nilibadilisha namna ya kuandika. Zamani jina langu lilikuwa mkiani, na mkia ndio wa kwanza kukatwa. Sasa nalisuka ndani: "shangazi akaniita kwa jina langu," na jina linafuata, "nilipofika stesheneri pale stendi," na mwenye kuujua mji anajua ni nani. Anayetaka kuniiba inabidi aandike upya, na akiandika upya, angalau amefanya kazi.

Pesa sikuziweka mbele. Vipande ni bure. Vilipotosha, nilivipanga kwenye kompyuta ya kazini kwa ruhusa ya bosi, baada ya saa za kazi, karatasi ya A4 ikikunjwa katikati, nikavijalidi kijitabu chenye picha ya kadi juu. Nauza 5,000. Wanaonunua ni wale wale walioshasoma bure, wanataka kitu cha kuweka sandukuni. Nikitaka kukiingiza maduka ya vitabu nitaomba ISBN kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, lakini kwanza nataka kujaza kinachokosekana.

Kinachokosekana ni wanawake. Kijitabu kizima kina mapanga na mizigo, kana kwamba singa zilitoka korona, mashine ya kukwangua majani, zikatembea zenyewe mpaka kwenye marobota. Zilianikwa na watu, zikapigwa brashi na watu, na hao wengi walikuwa kina mama, vumbi likiwaingia puani kutwa. Nimempata bibi mmoja wa brashi, ana akili kali na mdomo mkali zaidi. Nilimpigia simu, shikamoo, marahaba, nikaeleza shida yangu. Akaniuliza hao wengine niliwalipa kiasi gani. Nikamwambia hakuna aliyelipwa. Akasema yeye si "hao wengine", nije na sukari kilo mbili na kijitabu, mjukuu wake akisome kwanza, kisha ataamua kama mtoto wa stesheneri anajua kuandika. Nakwenda Jumamosi.