"Una chuma mwilini?": nilivyojifunza kazi ya MRI

Kwenye karatasi za ajira cheo changu ni Mteknolojia Mionzi. Kwa miaka minne ya mwanzo kilinitosha. Nilikuwa na stashahada yangu ya miaka mitatu na chumba kimoja cha eksirei katika hospitali ya wilaya huko kusini, na kazi ilikuwa vifua vya TB, bodaboda walioanguka na, msimu wa maembe, watoto waliovunjika mikono juu ya miti ya watu. Kifuani nilibandika kile kibeji cha kupimia mionzi ambacho hukusanywa na kupelekwa Tume ya Nguvu za Atomiki kusomwa. Nilikizoea kama saa ya mkononi.

Nilipohamia Dar es Salaam nikapangiwa chumba cha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, nikajiona nimepanda daraja. Asubuhi ya kwanza msimamizi wetu, ambaye wote tulimwita Mwalimu, akanibandua kibeji na kukitupia kwenye droo.

"Huku hakuna eksirei, mdogo wangu. Huku kuna sumaku, na haizimwi."

Niliitikia tu. Kuliamini neno hilo "haizimwi" kulinichukua muda. Kwenye eksirei ukishaondoa kidole kwenye kitufe, mionzi imekwisha na chumba ni chumba kama kingine. Huku waya wa sumaku umezama kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzi joto 269 chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo umeme unauzunguka bila kizuizi. TANESCO wakikata, taa zinazimika, kompyuta zinazimika, sumaku inabaki palepale. Yetu ni ya tesla 1.5, yaani karibu mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayogeuza dira. Usiku chumba kikiwa kimya husikii ila pampu ya kupozea heliamu ikilia chwi, chwi, chwi, kama kifaranga. Ukiingia kazini usiisikie, usivue hata mkoba, piga simu kwanza.

Wiki ya pili nilimkuta dada wa usafi, mgeni kama mimi, amesimama mlangoni na ndoo yenye mpini wa chuma. Ananisubiri nimfungulie adeki, maana "mashine imezimwa, taa yake haiwaki". Nilipomwambia arudishe ndoo alinitazama kama ninayemringia. Sikumlaumu, maana siku chache nyuma ningemfungulia.

Kwa wiki sita Mwalimu hakuniruhusu kugusa kibodi. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na dodoso na kuwauliza wagonjwa maswali. Niliumia, nisiseme uongo. Mtu nimesoma, nimetumikia wilayani, halafu nageuzwa bawabu! Siku moja nikamwambia. Hakunijibu kwa hasira. Alinisimulia tukio la mwaka 2001 katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 akiwa ndani ya mashine, mtungi wa oksijeni wa chuma ukaingizwa chumbani, sumaku ikauvuta, ukampiga kichwani akafa. Akanyamaza, akanirudishia dodoso mkononi.

Hilo dodoso lenyewe lilikuwa tatizo. Lilikuwa limefasiriwa kutoka Kiingereza, na swali la kwanza lilisomeka: "Je, una chuma chochote mwilini mwako?" Nililiuliza hivyohivyo kwa siku nyingi, na karibu kila mtu akajibu hapana. Nikatia vema, nikapitisha.

Siku hiyo akaja mama mmoja wa kupimwa kichwa. Hapana, hapana, hapana, dodoso zima. Alipolala na meza ikaanza kuingia, kitu kidogo kikachomoka kwenye ushungi wake na kwenda kunasa kwenye ukuta wa ndani wa mashine, tik! Pini. Nyingine mbili zikafuata. Hakuumia, Mungu mkubwa, lakini nilimtoa nikitetemeka kuliko yeye. Nikamuuliza, mama si nilikuuliza kama una chuma?

"Uliniuliza mwilini, mwanangu. Hizo ziko kichwani, kwenye nguo."

Alikuwa na haki yake. Kwa Kiswahili cha nyumbani, chuma mwilini ni risasi, au vile vyuma vya mfupa uliovunjika. Pini haimo mwilini. Hirizi haimo mwilini. Na wapo ambao kwao chuma ni nondo, kitu cheupe kinachong'aa si chuma asilani.

Jioni ile nikakaa na daftari nikaliandika upya dodoso, kwa maneno ya watu. Umewahi kufanyiwa upasuaji wowote, hata wa zamani? Una betri ya moyo? Umewahi kupigwa risasi? Ushungi umeubana na nini? Nywele ni zako au umeshonea? Umevaa shanga? Meno yote ni yako? Kuna kitu umefunga mkononi au kiunoni, cha kinga au cha dawa? Kitanzi cha uzazi niliwapa wauguzi wa kike waulize faragha. Na kwa mafundi wa kuchomelea mageti niliongeza swali la peke yake: uliwahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni? Kikiwa bado kimo, sumaku inaweza kukisogeza na jicho likapotea, kwa hiyo wa namna hiyo hupita kwanza eksirei. Mwalimu alisoma ukurasa mzima, akafuta maneno mawili, akautoa nakala. Kesho yake akaniita kwenye kompyuta.

Fizikia ndiyo niliyoiogopa kabla, na kwa kweli haikunitesa nilivyodhani. Chuoni tulipewa saa chache za MRI. Nilihitimu nikijua kuandika kirefu chake basi. Nikaanza upya usiku nyumbani na kitabu cha kutoa kopi. Mwili umejaa maji, maji yana hidrojeni, na kila kiini cha hidrojeni ndani ya sumaku huyumba kama pia ya mtoto inayokaribia kuanguka. Kwenye tesla 1.5 kinayumba karibu mara milioni 64 kwa sekunde. Mashine inakirushia mawimbi ya redio ya mwendo huohuo, kiini kinayapokea, kisha kinarudi hali yake kikitoa ishara ambayo koili, antena inayowekwa karibu na sehemu inayopimwa, inaidaka. Milioni 64 ni chini ya zinapoanzia stesheni za FM, na mawimbi ya redio ya nje yangeivuruga ishara hiyo, ndiyo maana kuta za chumba zimezungushiwa shaba. Mlango usiposhika vizuri, picha inatoka na mistari.

T1 na T2, aina mbili za picha za MRI, zilinichanganya mwezi mzima, ipi maji meusi, ipi maji meupe. Siku moja nakuna nazi jikoni nikajikuta nasema T2 kwa Kiingereza, mara mbili tatu, haraka. Tui! Na tui ni jeupe. Tangu hapo T2 ni tui, majimaji ya ubongo yanang'aa. T1 ni ile nyingine. Nimewafundisha wanafunzi wa mafunzo ya vitendo wawili watatu, wanacheka, ila hawasahau.

Kuna mambo kitabu hakina. Sauti, kwa mfano. Kila mfuatano wa picha una mlio wake, na sasa naweza kuwa nimegeuka nyuma naandika nikajua kwamba tumefika difyusheni, mfuatano unaoonyesha maji yanavyosambaa mwilini, kwa ule mngurumo wake wa kukera. Pia mikono ya mgonjwa usiiache ishikane, inafanya kitanzi cha umeme na ngozi inaweza kuungua. Na kutulia. Mzee mmoja wa picha ya shingo alinisumbua mara tatu, picha zote zinatikisika. Kupitia maikrofoni nikagundua anasoma Ayatul Kursi, taya linakwenda. Nani atamwambia mzee asisome? Nikamwambia, mzee wangu, ikigonga, soma moyoni. Ikinyamaza, soma kwa sauti, nami nitakuachia nafasi. Tukamaliza hivyo, picha safi.

Zamu yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa ya jioni. Akaletwa bibi, kichwa, maumivu ya muda mrefu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Humu nitatoka?"

Nikamwuliza maswali ya daftari langu, moja moja. Tulipofika kwenye lile la kitu cha kufunga mkononi akakaa kimya. Kisha akapandisha mkono wa gauni. Hirizi ya ngozi nyeusi, imeshonwa, imekaa pale miaka. Tuna sumaku ndogo ya kujaribia vitu. Niliisogeza taratibu, na hirizi ikaruka yenyewe, ikashika. Kulikuwa na sindano ndani, au wembe, sikutaka kujua.

"Nikiivua nani atanilinda, mwanangu?"

Binti yake aliyemleta akaanza kumgombeza, nikamwomba atusubiri nje. Koili ya kichwa ina kioo kidogo juu ya macho. Aliyelala anaweza kuona nje, mpaka dirisha letu la chumba cha kompyuta. Nikamweleza. Nikamwambia, bibi, nitaitundika pale dirishani, utakuwa unaiona muda wote.

Alifikiri. Akaifungua mwenyewe, fundo kwa fundo, akanipa kwa mkono wa kulia.

Niliibandika kwenye kioo kwa plasta ya hospitali. Dakika ishirini na tano bibi hakutikisika hata kidogo, macho juu. Nilipomtoa hakuuliza habari ya picha. Alinyoosha mkono, akaipokea hirizi yake, akaitikisa sikioni kama mtu anayepima kiberiti kama kina njiti, kisha akanipa kamba nimsaidie kufunga.