Mtama gani upande?

Mtama aina ya Macia ni mweupe na mfupi, unafaa kwa ugali na pombe. Gadam hununuliwa na viwanda vya bia Kenya. Shida ya mtama mweupe ni ndege kweleakwelea: punje zikianza kutoa maziwa tu, wamefika. Serena, wenye punje za kahawia, huwachosha kwa tanini yake chungu, ila tanini hiyohiyo humpunguzia kuku protini.

Panda sentimita 75 kwa 20, kina 3 hadi 5. Ng'oa kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, kabla hakijachanua. Vuna ukiona doa jeusi kwenye kitako cha punje. Anika hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13. Machipukizi mafupi baada ya mavuno yana sumu ya sianidi, usiwafungulie ng'ombe.