Vuta Nikuvute ya Nyuzi na Springi

Magitaa mengi ya umeme ya mtumba ambayo nimeyashika hapa Nairobi yana daraja la tremolo, yaani lile linalosogezwa ili sauti ya nyuzi ishuke na kupanda, lisilofanya kazi. Ukifungua kifuniko cha plastiki kilicho nyuma ya gitaa, unakuta springi zimekazwa hadi mwisho, au kipande cha mbao kimeshindiliwa ndani ili daraja lisitikisike, na mkono wa chuma wa kulisogezea ulipotea zamani. Sababu huwa ile ile: mwenye gitaa aliona halikai katika tuni, akashauriwa alifunge daraja, akalifunga. Naamini gitaa la namna hiyo linastahili kupangwa upya kwa utaratibu kabla ya mtu kukata shauri la kulifunga, na gitaa nililolinunua hivi karibuni kwa mzee mmoja anayepigia kwaya huko Buruburu limenipa nafasi ya kuupitia utaratibu huo tangu mwanzo. Mzee mwenyewe alinionya wakati wa kunikabidhi: "Kijana wangu, hilo daraja liache lilivyo, lilinisumbua sana."

Gitaa lenyewe ni la muundo wa Stratocaster, ambao kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuuuza mwaka 1954. Katika muundo huo daraja limeegemea skrubu sita zilizo upande wake wa mbele, na chini yake kuna pande la chuma linaloteremka ndani ya mwili wa gitaa. Springi, ambazo huwa tatu hadi tano, zinaliunganisha pande hilo na kibati kilichofungwa kwenye mbao kwa skrubu mbili ndefu. Nyuzi zinalivuta daraja liinuke, springi zinalivuta lilale, na mahali linapotulia ndipo nguvu hizo mbili zinapolingana. Ni vuta nikuvute isiyokoma, na karibu kila tatizo la tremolo linatokana na mtu kuongeza nguvu upande mmoja bila kuutazama wa pili. Nyuzi nyepesi za 9 hadi 42 (unene wa uzi mwembamba kabisa na ule mnene kabisa, kwa elfu za inchi), kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 648, zinavuta kwa jumla ya takriban kilo 38. Ukiweka za 10 hadi 46, jumla inafika karibu kilo 47. Mtu anayebadilisha unene wa nyuzi bila kugusa springi atashangaa kuona daraja limenyanyuka nyuma na nyuzi zimekuwa juu mno kwa vidole, kisha atalilaumu gitaa.

Kabla ya kushika bisibisi, mpigaji ajiulize anataka muziki gani. Mpigaji gitaa wa Uingereza Jeff Beck aliliacha daraja lake lielee, akawa anashusha na kupandisha sauti kwalo kama sehemu ya mtindo wake. Mwenzake Eric Clapton alilifunga lake kwa kipande cha mbao. Wote wawili walikuwa na haki. Kwa wapigaji wetu wa benga jambo hili lina uzito wake wa pekee, kwa kuwa gitaa la kuongoza katika benga, tangu enzi za D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, mara nyingi hupiga nyuzi mbili kwa pamoja. Daraja likiwa linaelea, ukiupinda uzi mmoja ule wa pili unashuka sauti, kwa sababu daraja zima limevutwa mbele. Isitoshe, uzi ukikatika katikati ya wimbo, tano zilizobaki zinapanda sauti papo hapo, na ibada au dansi haimsubiri mtu atuni upya. Kwa hiyo mimi nachagua njia ya kati: daraja liguse mwili wa gitaa kwa wepesi, ili mkono wa chuma uweze kushusha sauti lakini usiipandishe. Njia hiyo haihitaji mbao yoyote.

Kazi inaanza kwa kuvua nyuzi za zamani, kusafisha ubao wa vidole, na kupulizia dawa ya kusafishia swichi kwenye vifundo vinavyokwaruza, dawa ambayo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue. Zile skrubu sita za mbele zikaguliwe kwa makini. Gitaa lililoishi pwani huwa na kutu hapo, na daraja linalosugua kutu halirudi mahali pake hata springi zikiwa sawa. Kisha weka nyuzi mpya za unene ule ule utakaoendelea kuutumia, kwa kuwa vipimo vyote vinavyofuata vinategemea nguvu ya nyuzi hizo, na uzivute kidogo kwa mkono baada ya kutuni hadi ziache kulegea.

Inayofuata ni shingo. Ndani yake kuna fimbo ya chuma inayoizuia isipindwe mno na nyuzi, na inarekebishwa kwa ufunguo wa Allen. Funga kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya 1 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 8. Fender wanapendekeza takriban milimita 0.25 kwa shingo nyingi za kisasa. Kipimo kidogo kiasi hicho hakionekani vizuri kwa macho, lakini fila geji ya mekanika, ile inayopimia nafasi za valvu, inakipima bila shida, na maduka ya vipuri vya magari ya Kirinyaga Road yanaiuza. Ukikaza fimbo, nafasi inapungua, ukiilegeza, inaongezeka. Zungusha robo tu kwa wakati mmoja, tuni tena, ndipo upime. Fimbo ikikataa kuzunguka, usiilazimishe, mpelekee fundi, kwa sababu ikikatika ndani ya shingo gharama yake yaweza kuzidi bei ya gitaa.

Sasa daraja lenyewe, na hapa ndipo subira inahitajika kuliko popote. Tuni nyuzi zote sita, tazama nyuma ya daraja limenyanyuka kiasi gani, kisha kaza au legeza zile skrubu mbili za kibati. Anayetaka lielee alenge nafasi ya karibu milimita 3.2 kati ya ukingo wa nyuma wa daraja na mwili, kama Fender wanavyoelekeza. Anayetaka liguse aongeze springi ya nne ikibidi, akaze mpaka daraja litue, kisha apinde uzi mmoja kwa nguvu aone kama linanyanyuka. Kila unapogusa skrubu hizo tuni inaharibika yote, kwa hiyo unatuni, unatazama, unakaza nusu mzunguko, unatuni tena. Ukifika uzi wa sita utakuta wa kwanza umehama, na hilo si kosa la gitaa, ndivyo mtambo huo unavyofanya kazi. Mabadiliko yanapungua kila raundi mpaka pande zote mbili za mvutano, yaani nyuzi na springi, zinapokubaliana. Wapigaji wengi hukata tamaa raundi ya pili, na ndipo kile kipande cha mbao kinapotafutwa.

Daraja likitulia, lijaribu. Shusha sauti kwa mkono wa chuma, uuachie, kisha usikilize. Uzi ukirudi ukiwa juu kuliko ulivyokuwa, kwa kawaida umenaswa kwenye nati, yaani kile kipande chenye mifereji sita mwanzoni mwa shingo: ulipolegea uliteleza kuelekea kichwani, na sasa msuguano unauzuia kurudi. Dalili nyingine ni mlio mdogo wa "ting" unapokaza kigingi cha kutunia. Paka risasi ya penseli laini ndani ya mifereji, kwa kuwa hupunguza msuguano, na uhakikishe uzi umezunguka kigingi mara mbili au tatu tu. Kwenye gitaa la yule mzee, shida kubwa ilikuwa hapo. Springi zilikazwa bure kwa miaka mingi, na kilichokuwa kikiharibu tuni kilikuwa upande wa pili wa gitaa.

Kimo cha nyuzi juu ya freti kinarekebishwa kwa skrubu ndogo za vile vibebeo sita vilivyo juu ya daraja. Milimita 1.6 juu ya freti ya 17 ni mwanzo mzuri, ingawa anayepiga kwa nguvu atahitaji kupandisha kidogo. Baada ya hapo linganisha sauti mbili za kila uzi: ile inayotoka ukiugusa kwa wepesi juu ya freti ya 12, na ile inayotoka ukiubonyeza hapo hapo. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kibebeo nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Programu ya kutuni kwenye simu inatosha kwa kazi hii, mradi chumba kiwe kimya.

Pikapu, yaani vile vifaa vya sumaku vinavyonasa mlio wa nyuzi, huja mwisho. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, uache karibu milimita 2 kati ya pikapu na uzi mnene, na milimita 1.6 upande wa uzi mwembamba. Ukizipandisha mno ili upate sauti kubwa, sumaku zake huvuta nyuzi na sauti inayumba, hasa kwenye uzi mnene, na utadhani ulikosea kulinganisha freti ya 12. Shingo nayo ipimwe tena mvua za masika zinapoanza na zinapokwisha, kwa sababu mbao hunywa unyevu na kuuachilia, na shingo ikisogea hata kidogo, kimo cha nyuzi hubadilika nayo.