Hina ilinificha, chokaa ikanifichua

Mwanangu alikuwa na miezi 18 alipoanza kulamba ukuta. Nyumba tuliyopanga Mji wa Kale, Mombasa, ni ya mawe, chokaa yake hubambuka yenyewe, na kila nikigeuka namkuta mdomo mweupe kama aliyekula kashata za nazi. Mimi nami sikuwa na la kumkanya: kutwa natafuna barafu, na udongo wa kula wa soko la Marikiti haunitoki mkobani. Nikipanda ngazi moyo waenda mbio. Mavyaa wangu akasema ni uvivu, eti sisi wakimbizi wa Barawa, Somalia, tumezoea kulala.

Jirani mmoja mjuaji akaona tumepungukiwa na damu, akanishika sikio: "Damu hurudishwa na bitiruti, mwanangu." Nikanunua fungu, kama mia mbili hivi, nikasaga, nikamnywesha kikombe kizima. Alasiri nafungua nepi: nyekundu! Nilipiga yowe nadhani hata muadhini alisikia. Nikajitupa kwenye tuktuk bila kupatana bei, Ayatul Kursi mdomoni, nepi imefungwa kwenye mfuko kama ushahidi wa mahakamani. Muuguzi akaitazama, akauliza mtoto kala nini. Nilipomjibu alicheka hadi akakaa.

Kisha akaacha kucheka. Akasema mkojo kugeuka hivyo kwa bitiruti huonekana zaidi kwa mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma. Akamvuta mtoto kope ya chini, ndani kweupe. "Na wewe, lete mkono." Nikampa, hina mpaka kiwikoni, nilikuwa nimetoka harusini. "Mkono huu hausemi kitu, weupe umefichwa na hina," akanivuta kope mimi pia. Damu ya mtoto ilisoma 7.4, yangu 8 na kitu. Ilitakiwa yake ifike 11, yangu 12.

Kilichonichelewesha ni karatasi. Nilidhani wataniuliza kipande, yaani kitambulisho. Hawakuniuliza, na ada za zahanati za serikali kumbe ziliondolewa tangu 2013. Dawa ya chuma ya maji ndiyo niliyonunua nje, haikufika mia tano. Za minyoo tulipewa.

Sasa ile dawa! Ina ladha ya msumari. Aliitema kwenye buibui langu siku tatu mfululizo, nami nilishajaribu kumdanganya kwa asali. Dawa ya ukaidi wake niliigundua mwenyewe: bomba la sindano lisilo na sindano, unapitisha pembeni mwa shavu, kisha unafuatisha maji ya chungwa kabla hajakumbuka kulia. Chungwa husaidia chuma kuingia mwilini, na meno hayachafuki sana. Choo kikawa cheusi ti kwa dawa hiyo. Safari hii mavyaa ndiye aliyepiga yowe, mimi nimekaa kitako.

Nilichoudhika nacho zaidi ni chai. Mahamri na chai ya maziwa, mbaazi na chai, na mtoto naye kutwa na chupa ya maziwa, kumbe chai na maziwa huzuia chuma kuingia mwilini. Chai nikaisogeza mbali na chakula, chupa nikaificha, mbaazi nikazikamulia ndimu. Maini alikataa, nikayaponda kwenye wali hakujua.

Chuma kilipomrudia, ukuta akauacha baada ya mwezi mmoja na ushee. Siku hizi kukiwa na harusi, kabla hina haijakorogwa, nawapanga mabibi dirishani nawavuta kope. Juzi mavyaa alikuja mwenyewe, akasimama mwangani: "Na mimi je?"

Nikamwambia angoje zamu yake.