Nimefyeka orodha ya waliozuiwa

Wiki hii nimepitia faili la .htaccess la tovuti yangu, lenye kanuni za nani aruhusiwe na nani azuiwe, mstari kwa mstari. Majina ya boti (programu zinazozurura tovutini zenyewe) zilizokwisha kutoweka kwenye logi, yaani rekodi za wanaotembelea tovuti, nimeyafuta bila kusita. Apache, programu inayoihudumia tovuti, husoma faili hilo kila ombi linapoingia, ya nini kuibebesha mzigo?

Anwani za IP, namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, ndizo zilizoniumiza kichwa. Anwani iliyotumiwa na mshambuliaji mwaka juzi leo huenda ni ya msomaji wa kawaida, na kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kumfungia mlango mtu asiye na kosa ni dhuluma, hata kama hatajua nani kamfungia.

Nimebakiza zile tu zinazoushambulia ukurasa wa kuingilia hadi sasa, kila moja na tarehe yake. Amri za zamani za kuzuia, Order na Deny, nimezibadilisha kuwa Require, mtindo wa Apache 2.4 tangu 2012.