Pedi za breki za mbele: kazi iko kwenye pini

Kubadilisha pedi za mbele za Toyota IST au Vitz si kazi ya kupeleka gereji. Unahitaji ardhi ngumu, jeki, stendi, spana ya tairi ya 21, spana ya 14 ya kufungulia kalipa, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski (nyingine hutumia 12), klampu, grisi ya silikoni, na asubuhi moja kabla jua la Dar halijachachamaa.

Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Ikibaki 3, nunua nyingine. Ule mlio mwembamba unapokanyaga breki ni kibati cha tahadhari kilicho kwenye pedi kinagusa diski. Ukishasikia chuma kinakwaruza chuma, umechelewa: diski imeliwa, na huenda ikabidi ikakerezwe. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikishapungua hapo, usikereze, weka nyingine.

Ukienda Kariakoo au Ilala kutafuta spea, chukua pedi ya zamani mkononi. Jina la gari peke yake halitoshi, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na pedi za maumbo tofauti. Boksi zuri nalo lisikudanganye. Itazame pedi kwa ubavu: ikiwa na ufa pale inapoungana na bati, iache hapohapo dukani. Badilisha pande zote mbili, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Vuta hendibreki, weka mawe nyuma ya tairi za nyuma, kisha piga jeki, weka stendi na utoe tairi. Uwanja ukiwa wa mchanga, tanguliza ubao mpana chini ya jeki. Fungua boliti ya chini ya kalipa, uinue kalipa juu. Ukiitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi; isining'inie kwenye mpira unaopitisha mafuta ya breki. Vumbi usilipulize, lifute kwa kitambaa chenye maji.

Sasa linganisha pedi za zamani. Ya ndani imekwisha na ya nje bado nene? Mara nyingi pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekwama, au pistoni inayosukuma pedi hairudi vizuri. Hapa ndipo mafundi wa haraka wanapopita bila kuangalia, halafu mteja analaumu pedi. Dar ina hewa ya chumvi na madimbwi ya masika. Raba ya pini ikipasuka tu, maji yanaingia na kutu inaanza. Chomoa pini zote mbili, zifute hadi zing'ae, paka grisi ya silikoni. Grisi ya bering usiiguse, inavimbisha raba na pini inakwama upya. Pini moja ikiwa na raba nchani, irudishe kwenye tundu lake. Ikisukumwa kwa kidole iteleze bila ubishi.

Kurudisha pistoni, fungua kifuniko cha mafuta ya breki, weka pedi ya zamani juu ya pistoni na ukaze klampu taratibu. Mafuta yatapanda; yakikaribia kumwagika, yanyonye kwa bomba la sindano, maana yanakula rangi ya gari. Pistoni ikigoma kabisa, hiyo ni kalipa ya kufunguliwa, usilazimishe.

Funga pedi mpya, kibati kikae upande kilipokuwa. Grisi isifike kwenye uso wa pedi wala diski. Nati za tairi zikazwe kwa mshazari, nguvu ya 103 Nm kwa mwenye spana ya kupimia.

Kabla ya kuweka gia, kanyaga pedeli mara kadhaa hadi iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama hadi chini, na hapo ndipo watu hugonga geti lao wenyewe. Ikiendelea kuwa laini, kuna upepo ndani ya mafuta ya breki, gari lisitoke.

Zizoeshe pedi kwenye barabara tupu: kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara nane hadi kumi, ukiacha zipoe katikati. Usianzie kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Ukirudi, sogeza mkono karibu na rimu zote mbili bila kuzigusa. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake, rudi kwenye pini za upande huo.