Kwa Farasi Katikati ya Mibuni: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa kumi na moja alfajiri. Upande huu wa Barabara ya Kiambu bado ni giza na baridi inauma. Farasi hunisikia kabla sijagusa kufuli. Wanapewa nafaka mapema hivi kwa sababu mnyama huyu hapandwi akiwa ameshiba. Akimaliza kula namwachia kama saa nzima atulie. Hawezi kutapika, kwa hivyo tumbo likimsokota hana pa kulitolea, na anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Wanapokula mimi napapasa miguu, kiganja kikishuka polepole kutoka gotini hadi kwatoni. Palipo na joto pana shida. Kisha nainua kwato moja moja na kuchokoa udongo. Leo Kipusa amekwamisha kijiwe kwenye kwato la nyuma, kidogo kama punje ya mahindi, lakini kingetosha kumfanya achechemee kabla ya saa nne.

Kipusa alikuwa akishindana katika uwanja wa mbio wa Barabara ya Ngong. Watu husikia "farasi wa mbio" wakarudi nyuma hatua mbili. Huyu amezoea umati na kelele, bodaboda hamshtui hata kidogo. Kinachomtia kiwewe ni mfuko wa plastiki unaopeperuka. Kwa maoni yangu marufuku ya mifuko ile, mwaka 2017, imewaokoa wapanda farasi wa Kenya kuliko kofia ngumu.

Saa mbili wageni wa kupanda farasi wanafika: mwalimu mstaafu wa Buruburu na mpwa wake kutoka Mombasa. Suala la kilo nilishalimaliza kwa simu, maana halifai kuulizwa mbele ya watu. Kanuni yetu ni kwamba mpanda na matandiko yake wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Wa kilo 450, basi habebi zaidi ya 90.

"Kaka, huyu hatoniangusha?" mpwa anauliza, mguu wa kushoto tayari kwenye kikuku.

"Usipomvuta mdomo, dada, hana neno na wewe."

"Mvute umjue," shangazi anamwambia, naye yuko juu kitambo.

Tunavuka lami, tunapita steji ya boda (salamu kwa kila mmoja, hiyo ndiyo leseni yangu), na baada ya dakika chache tumezungukwa na kahawa pande zote. Oktoba matunda yameanza kuwa mekundu. Kutoka mgongoni mwa farasi unaona juu ya mibuni, mstari baada ya mstari ukishuka hadi mtoni na kupanda mgongo wa pili wa kilima, huku miti ya mikima ikitoa kivuli. Mwalimu anataka kujua ni aina gani. Hii mikongwe ni SL28, iliyochaguliwa miaka ya 1930 hapo Kabete, katika maabara ya Scott. Herufi hizo zatoka huko. Ile mifupi ni Ruiru 11 ya mwaka 1985, inayostahimili chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Wazee wa hapa watakuambia SL28 ndiyo tamu, kisha wapande Ruiru 11 kwa sababu dawa ni ghali.

Wachumaji wamekaa juu ya magunia wakitenga mabichi na mekundu kabla ya kupima. Wanalipwa kwa debe. Mama mmoja ananiita bila kuinua macho: "We saisi, farasi wako akila kahawa yangu nitakupima wewe!"

Kwa kweli sihofii kahawa. Hofu yangu ni ovakado. Bondeni, kwenye mashamba madogo ya nduma na nyasi za nepia, kila boma lina mti wa ovakado unaoning'inia juu ya ua wa kayaba, na majani yake ni sumu kwa farasi. Hapo naweka wageni katikati ya njia na kushika hatamu za Kipusa mwenyewe. Anajifanya hajauona mti, lakini midomo inanyooka.

Saa sita tunakula kwa mzee mmoja mwenye shamba: nduma, maharagwe, chai. Hanitozi kupita. Samadi ninayomletea kwa gunia yatosha.

Kurudi tunapita mgongo wa juu, na hapo nasema kidogo. Upande mmoja mibuni imeng'olewa, magorofa yameota. Mji wa Tatu City, huko Ruiru, nao umejengwa juu ya mashamba ya kahawa. Simlaumu anayeuza, bei ya kahawa imewavunja wengi moyo. Ila njia ninayoipita haiko kwenye hati ya mtu yeyote.

Saa kumi, maji, kusugua jasho la mgongo, kutafuta kupe masikioni na chini ya mkia. Kabla ya magharibi wote wawe ndani. Wale usubi wanaotoka jua likizama ndio waenezao homa ya farasi, na chanjo peke yake siiamini.

Saa mbili usiku mzee anapiga simu. Leo mchana, baada ya sisi kupita, wapima ardhi wamechimbia bikoni mpya kwenye mgongo wa juu, na mlinzi kaambiwa asiruhusu mnyama. Imebaki njia ya mtoni, yenye daraja la mbao. Kesho nitaenda kwa miguu nikalikague. Lisipofaa, wageni wa Jumamosi nitawarudisha kwa njia waliyokujia.